Mbwa wa Mjomba

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii nilifundishwa nikiwa darasa la tatu. Niliikariri, nikaiandikia insha, na mwalimu akanipa alama nzuri. Lakini kuna upande mmoja wa methali hii ambao mwalimu hakutuuliza, nao ni huu: yule aliyekufaa wakati wa dhiki yako, wewe ulimfaa nini wakati wa dhiki yake? Swali hilo limenifuata kwa karibu miaka hamsini sasa, na kila linaponijia huja na sura ya mbwa mmoja mwekundu, mwembamba, mwenye sikio moja lililochanika, aliyeitwa Watasema.

Katika ukoo wetu kisa hiki kinajulikana. Husimuliwa arusini na matangani, hasa usiku unapokuwa mrefu na chai imekwisha. Husema, "Huyu mzee mnayemwona hapa, alipokuwa mtoto wa miaka 13 alipotea porini siku nne, na akili zake mwenyewe ndizo zilizomtoa." Watoto hunitazama kwa mshangao. Mimi hutabasamu, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Leo nataka kukieleza kisa hiki kama kilivyokuwa. Wale ambao ukimya wangu uliwasitiri wote wametangulia mbele ya haki, na mimi mwenyewe sina tena sifa ya kuilinda.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, mwaka 1976, kusini ya mji wa Tabora, upande wa Sikonge. Miaka miwili nyuma yake tulikuwa tumehamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji, na mwaka 1974 agizo hilo likatufikia sisi. Tulitoka katika nyumba zetu zilizotawanyika msituni, kila moja na miembe yake na kisima chake, tukapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Huku kulikuwa na shule, nami ni mmoja wa waliofaidika nayo, kwa hiyo sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kibaya. Nasema tu kwamba kule tulikotoka kulibaki mahame, nyumba bila mapaa, na watu walikatazwa kurudi.

Watasema alizaliwa kule kwenye mahame, chini ya ghala la bibi yangu. Alikuwa mbwa wa mjomba wangu, mdogo wake mama. Kwetu mbwa aghalabu hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe ambao huwezi kumwambia usoni, na mjomba, aliyekuwa na ugomvi wa muda mrefu na watu wa nyumba ya pili, alimwita mbwa wake Watasema. Kila alipomwita kwa sauti kubwa jioni, majirani walijua nani anaambiwa.

Nyumba yetu ni ya Kiislamu, na bibi alikuwa mtu wa dini sana. Mbwa alikaa nje. Pua yake yenye maji ikigusa kanga ya bibi, kanga ile ilioshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mimi nililelewa hivyo. Katika miaka yote niliyoishi na mbwa yule sikuwa nimempapasa hata mara moja. Nilimtupia mfupa, nikampigia mluzi, basi.

Mjomba alikuwa mrina asali. Mwezi ule alikwenda porini na wenzake wawili kukagua mizinga ya zamani na kutundika mipya, ile mizinga ya magome ambayo watu wa Unyamwezi wameitengeneza tangu zamani. Mimi nilimlilia anichukue. Kambi ilikuwa mwendo wa siku moja kutoka kijijini, kuelekea pori la Ugalla, ambalo wakati ule lilikuwa pori la akiba na tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Mto Ugalla wenyewe wakati wa kiangazi hukatika ukabaki madimbwi, mamba na viboko wakabanana humo, na huku ndani ya msitu maji huwa adimu kama dhahabu.

Siku ya tatu kambini, baada ya chakula cha mchana, nilimsikia ndege wa asali. Anayemjua ndege huyu hawezi kumkosea. Hulia juu ya kichwa chako kwa fujo, akaruka mti wa pili, akangoja, akalia tena, mpaka akufikishe kwenye mzinga wa nyuki. Sharti lake ni moja, umwachie sega lake. Wazee walituambia ukimnyima, siku nyingine atakupeleka kwa simba. Wakubwa walikuwa wamelala. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonekana mwanamume. Nilichukua kisu, kibuyu kidogo cha maji na kibiriti cha kuwashia moshi, nikaondoka bila kuaga. Watasema akanifuata.

Ndege alitupeleka mbali kuliko nilivyodhani. Nyuki niliwaona, katika tundu la mtundu mrefu, lakini walikuwa juu mno na mti haukupandika. Nilizunguka shina lake mara tatu nne nikitafuta pa kushika. Nilipokata tamaa na kugeuka ili nirudi, sikujua nimetokea upande upi.

Asiyepata kuingia katika msitu wa miyombo huenda akadhani kwamba mtu hupotea mahali penye giza na vichaka. Miyombo haiko hivyo. Ni msitu mweupe, miti imeachana, unaona mbali pande zote, na pande zote ni sawasawa. Mwanzoni mwa Oktoba katika latitudo yetu jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa, kivuli chako ukakikanyaga, halikuonyeshi mashariki wala magharibi. Juu ya hayo kulikuwa na ukungu wa moshi wa mioto ya kiangazi. Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya wataalamu wa Ujerumani ambao mwaka 2009 walieleza jinsi walivyowatembeza watu msituni na jangwani ili waone kama wanaweza kwenda moja kwa moja. Jua au mwezi ulipoonekana, walinyoosha. Ulipofichika, walizunguka, na waliofungwa macho walizunguka hata katika duara lisilozidi mita 20, huku wakiamini kwamba wananyoosha. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Mimi sikuhitaji Ujerumani. Nililiona jiwe moja lenye doa jeupe mara tatu mchana ule.

Jambo la kufanya lilikuwa kukaa pale pale nilipojitambua nimepotea. Mjomba na wenzake walinitafuta usiku kucha wakipiga debe, na laiti ningetulia wangenisikia nami ningewasikia. Lakini hofu haikai. Nilitembea, kisha nikakimbia.

Kuelekea jioni niliona kwamba Watasema hanifuati vizuri. Kila nilipoelekea upande niliodhani ni magharibi, yeye alisimama, akatazama upande mwingine, akaenda hatua kumi, akageuka kunitazama. Nilidhani amesikia harufu ya mnyama. Nilidhani ananitoroka. Wazo la kubaki peke yangu katika pori lile lilinipiga kifuani kama jiwe. Basi nilichuna gome la myombo, nikasokota kamba kama tulivyofundishwa tangu utotoni, nikamfunga shingoni.

Hiyo ndiyo kamba ambayo haimo katika kisa kinachosimuliwa arusini.

Usiku wa kwanza nilipanda mti. Mbwa hapandi mti. Ningeweza kumwachia huru ajitafutie usalama wake, lakini niliogopa asubuhi nisimkute. Kwa hiyo nilimfunga kwenye shina la mti ule ule, mimi juu, yeye chini. Saa za usiku mkubwa simba waliunguruma, kwanza mbali, kisha si mbali sana. Watasema, ambaye kijijini alimbwekea hata mpita njia mwenye baiskeli, hakutoa sauti. Nilisikia tu kamba ikikaza na kulegea, ikikaza na kulegea. Mtoto wa miaka 13 si mjinga. Nilijua kabisa simba wakija watamkuta nani kwanza. Nilijua, na sikushuka.

Simba hawakuja. Asubuhi niliposhuka alinitikisia mkia.

Siku ya pili ilikuwa siku ya kiu. Maji ya kibuyu niliyamaliza asubuhi, bila kumpa hata tone. Mbung'o walituandama, mimi na yeye sawasawa. Nilipata matonga yaliyoiva, yale matunda ya manjano yenye ganda gumu, nikayapasua kwa jiwe na kufyonza nyama yake, nikitema mbegu kama bibi alivyotuonya, maana mbegu zake si salama. Nilipata na mbula chini ya mti wake, nusu zimeliwa na wadudu. Watasema alikula mbula pamoja nami, kisha akafukua panya na kumla, nami nilimwonea wivu. Mchana tulikuta dimbwi lililokauka likabaki tope. Yeye ndiye aliyelinusa. Alichimba kwa miguu ya mbele mpaka tope likawa jeusi na laini, nami nikaliweka katika shati langu na kulikamua. Yalitoka maji machache yenye harufu ya ng'ombe. Tuliyanywa wote wawili, safari hii mimi na yeye, kutoka katika kitambaa kimoja. Mara saba na udongo, nilikumbuka. Udongo ulikuwepo tele.

Baada ya dimbwi lile alivuta kamba tena upande wake. Nami nikamvuta upande wangu. Kama kuna mtu angetutazama kutoka juu angeona jambo la kuchekesha, mtoto na mbwa wakivutana katikati ya nchi isiyo na mtu, na mtoto ndiye anayeshinda.

Usiku wa pili sikupanda mti. Nguvu zilikuwa zimeniishia, na nadhani niliona aibu pia, ingawa sikuwa na neno la kuiita. Nilitumia njiti ya mwisho ya kibiriti kuwasha moto, nikalala chini kando yake, na Watasema akalala akinigusa mgongo. Alfajiri baridi iliposhuka niligeuka nikamkumbatia. Moyo wake ulipiga haraka kuliko wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mnyama yule bila fimbo wala kamba kati yetu. Nililala usingizi ambao sikuupata usiku uliotangulia.

Nilipoamka jua limetoka, niliona kamba imekatwa. Alikuwa ameitafuna usiku. Kipande kimoja kilining'inia shingoni mwake, kingine kilikuwa bado kimezungushwa mkononi mwangu. Naye alikuwa amelala pale pale, kichwa juu ya mguu wangu.

Msomaji, mtu mwenye akili timamu angesoma jambo lile kama barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Huyu amejifungua saa nyingi zilizopita, naye hajaondoka. Mimi nilisoma kinyume. Niliona kamba imekatwa nikaona uasi. Nilivunja fito, nikampiga. Hakunikimbia. Alijikunja chini, akalia kwa sauti ndogo, kisha nikachuna gome jingine nikamfunga tena, mafundo mawili.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote habari ya fito ile mpaka leo hii ninapoandika.

Siku ya tatu kabla ya adhuhuri miguu ilikataa. Nilikaa chini ya mninga, ulimi umekuwa kama kipande cha ngozi, masikio yakivuma. Watasema alisimama mwisho wa kamba akitazama upande wake ule ule. Sikuzote upande ule ule, tangu jioni ya kwanza. Watu wangependa niseme kwamba hapo nilimwonea huruma, au kwamba Mwenyezi Mungu alinifunulia. La. Nilimwachia kwa sababu mkono wangu haukuweza tena kushika. Kamba iliponyoka vidoleni nikaitazama ikienda.

Alikimbia hatua chache, akarudi. Akakimbia tena, safari hii kwa kunyooka, akasimama, akageuka. Alibweka mara moja. Mwaka 2020 wanasayansi wa nchi ya Cheki walieleza kwamba waliwafuatilia mbwa 27 wa uwindaji msituni kwa vyombo vya setilaiti, wakagundua kwamba wengi wao, kabla ya kurudi kwa bwana zao kwa njia mpya, hukimbia kwanza kama mita 20 kwa mstari wa kaskazini na kusini, kana kwamba wanalinganisha dira iliyomo mwilini mwao. Siwezi kusema Watasema alikimbia upande gani wa dunia siku ile, maana mimi ndiye niliyekuwa sijui kaskazini iko wapi. Nasema tu kwamba alipomaliza kukimbia hakuwa na shaka.

Nikainuka nikamfuata. Alikwenda mbele, akangoja, akaenda, akangoja, kama yule ndege wa asali aliyetupoteza. Mahali pengine nilitambaa. Saa ngapi zilipita sijui. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya bega langu nilipoona mbele yetu kitu ambacho hakioti chenyewe katika msitu wa miyombo. Kivuli cheusi, cha duara, kizito. Mwembe. Na nyuma yake mwembe mwingine, na mwingine, katika mstari.

Tulikuwa tumefika nyumbani. Si kambini wala kijijini kwenye mistari ya barabara. Alinipeleka nyumbani kwetu kwa zamani, kwenye mahame, mahali alipozaliwa. Kwa siku tatu nzima mbwa yule alikuwa akiniambia twende nyumbani, nami nikimburuta.

Kisima cha bibi kilikuwa kimefunikwa kwa magogo. Niliondoa moja, nikateremka kwa mizizi na matobo ya kukanyagia yaliyokuwa bado ukutani, na chini kulikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nilikunywa, nikatapika, nikanywa tena. Kisha nilijaza kibuyu, na kabla ya kunywa tena nilipanda nikamwagia Watasema katika kigae cha chungu. Hilo ndilo jambo moja la siku zile ambalo naweza kulikumbuka bila kuinamisha uso. Tulilala ndani ya kuta za nyumba ya bibi, bila paa, nyota zote ziko juu yetu.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuta mtu. Alikuwa mzee mmoja wa kijijini, anapalilia. Alikuwa akirudi kwa siri kulima shamba lake la zamani, kwa sababu aliliamini kuliko lile alilogawiwa. Tulishtuka sawasawa. Alinipa uji baridi na muhogo, akanisikiliza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hukuniona hapa."

Nikasema, "Sikukuona, babu."

"Na hapa hukufika. Wakijua watu wanafika hapa, watakuja kuikata hii miembe."

Alinisindikiza hadi karibu na barabara, akarudi. Kwa hiyo nilipoingia kijijini, watu wakipiga vigelegele na mama akianguka chini, na kila mtu akiuliza nimetokaje, sikuweza kusema kwamba mbwa alinipeleka kwenye mahame. Nilisema nilifuata njia. Nilisema nilikunywa tope, nikala matonga, nikawasha moto. Yote kweli. Katika uongo wote nilioupata kusikia, ule wa kusema kweli nusu ndio unaodumu zaidi. Mjomba alirudi siku ya pili yake, sauti imekauka kwa kuita, akanitazama muda mrefu, kisha akamtazama mbwa wake, alama nyekundu zikionekana shingoni. Hakuuliza. Alikuwa mrina asali, alijua alama ya kamba ya myombo inavyokuwa.

Bibi ndiye aliyenishangaza. Alinisimamisha nyuma ya nyumba akaniosha, mara saba, na udongo. Akamaliza, akaenda jikoni, akatoka na ugali na mchuzi wa samaki katika sahani ya bati, akaiweka kizingitini pa mlango wake, akamwita Watasema kwa jina. Nilimuuliza, "Bibi, vipi?" Akasema katika Kurani kuna vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa, na mbwa wao yumo katika habari yao, kalala kizingitini. "Mungu hakumsahau," alisema, "mimi ni nani?" Tangu siku ile mbwa alikula kizingitini. Bibi hakuuliza swali hata moja, lakini nadhani alijua zaidi ya wote.

Mwaka 2014 nilisikia habari za mtoto wa kike, hajatimiza miaka minne, aliyepotea katika misitu ya Yakutia, kule Siberia, pamoja na mbwa wake mdogo. Alikaa msituni siku 11, akila matunda ya porini na kunywa maji ya mto, akilala karibu na mbwa kwa ajili ya joto. Kisha mbwa akarudi nyumbani peke yake, na watu wakakata tamaa, wakijua mtoto sasa hana wa kumpa joto. Siku chache baadaye akakutwa hai katika majani marefu. Niliposikia habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Mtoto yule alikuwa mdogo mno kumfunga mbwa kamba. Hakuwa na umri wa kudhani kwamba anajua njia. Mimi nilikuwa na miaka 13, nilikuwa na kisu, nilikuwa na alama nzuri za insha, na vyote hivyo nilivitumia kumvuta aliyejua ili afuate asiyejua.

Nilijiapia mwaka ule wa 1976 kwamba sitamfunga Watasema kamba tena maisha yangu yote. Nilidhani hiyo ndiyo shukrani.

Mwaka 1978 kichaa cha mbwa kikaingia vijiji vya upande wetu. Mtoto mmoja aliumwa na akafa, na yeyote aliyemsikia akilia kwa kuogopa maji hatasahau. Mbiu ya mgambo ikalia. Siku fulani watakuja watu wenye bunduki, na mbwa yeyote atakayekutwa hajafungwa atapigwa. Mjomba alikuwa porini. Bibi aliniambia, "Mfunge mbwa wa mjomba wako." Nilimfungia katika banda la mbuzi. Sikumfunga kamba. Niliichukua kamba, niliishika mkononi, nikalikumbuka shina la mti na mafundo mawili, nikaitundika tena ukutani. Alfajiri alichimba chini ya mlango wa banda kwa miguu ile ile iliyochimba dimbwi, akatoka kunitafuta njia ya shule. Nilisikia mlio nikiwa foleni ya gwaride. Nilijua kabla ya kuambiwa.

Mjomba aliporudi nilimweleza. Alikaa chini, akavuta kiko. Kisha akasema maneno ambayo sijapata kuyasahau, "Mpwa wangu, kamba haina kosa. Tatizo ni lini."

Siku hizi tunajua kwamba kuua mbwa hovyo hakuondoi kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu wote wanaopata ugonjwa huo hupata kwa kuumwa na mbwa, na kwamba dawa yake ni chanjo, mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukatika njia. Tarehe 28 Septemba ni siku ya ugonjwa huo duniani, siku iliyoanza kuadhimishwa 2007. Nina mbwa mmoja nyumbani, mwekundu pia, ingawa sikio lake ni zima. Kila mwaka siku za chanjo zinapotangazwa mimi ni miongoni mwa watu wa kwanza katika foleni. Wajukuu hunicheka kwa jinsi ninavyomshughulikia, wakasema babu anampenda mbwa kuliko watu.

Humfunga kamba asubuhi ile, ya katani, laini. Tukifika kwa daktari humshika mwenyewe. Na tukiwa njiani kurudi, tukishapita barabara yenye magari na kuingia kichochoro chetu, huifungua, nikamwacha atangulie. Yeye huenda hatua kumi, akageuka kunitazama. Nami humfuata.